Lugha, Ushahidi na Mamlaka: Mjadala wa Usasaleo na Sayansi katika Kioo cha Historia ya Isimu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala kuhusu sayansi na usasaleo uliopamba moto nchini Marekani mwaka 1996, baada ya mwanafizikia Alan Sokal kuchapisha makala ya mzaha katika jarida la Social Text. Mjadala huo hukumbukwa zaidi kuwa ushindi wa wanasayansi dhidi ya wahakiki wa utamaduni. Makala yanadai kuwa kumbukumbu hiyo ina upungufu. Kwa kurejelea nadharia mbili za historia ya isimu, ile ya Kihamiti ya Carl Meinhof na ile ya Nikolai Marr, yanaonesha kwamba wahakiki walikuwa na haki ya kuuliza sayansi inamtumikia nani, ila swali hilo haliwezi kuchukua nafasi ya swali la ushahidi. Mwisho, makala yanatazama maana ya suala hili kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1996, jarida la Social Text, lililokuwa likichapishwa na Duke University Press, lilitoa toleo maalumu kuhusu kile kilichoitwa "Vita vya Sayansi". Miongoni mwa makala zilizomo ilikuwamo moja ya Alan Sokal, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha New York, iliyohusu tafsiri ya mvutano wa kikwanta. Ilikuwa na tanbihi zaidi ya 100 na orodha ndefu ya marejeleo. Ilidai kwamba uhalisi wa kimaumbile ni zao la jamii na lugha, na kwamba fizikia mpya inaunga mkono siasa za ukombozi. Mwezi Mei mwaka huohuo, Sokal alitangaza katika jarida la Lingua Franca kwamba makala yake yalikuwa mzaha. Aliyajaza makosa kwa makusudi ili aone kama yangepokelewa kwa sababu tu yalipendeza masikioni mwa wahariri na kuafikiana na itikadi yao. Tarehe 18 Mei habari hiyo ilikuwa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la New York Times.

Tangu hapo, tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kwa namna moja: mwerevu aliwatega wajinga, nao wakanasa. Msimulizi wa namna hiyo hufurahisha hadhira, lakini huacha maswali mawili bila majibu. Kwanza, kwa nini wasomi makini waliona haja ya kuitilia sayansi shaka? Pili, baada ya mtego kufyatuka, shaka ile ilikuwa imejibiwa au ilikuwa imenyamazishwa tu? Maswali haya yanaihusu isimu kwa karibu, kwani kiini cha ugomvi wote kilikuwa lugha: uwezo wake wa kutaja ulimwengu na uwezo wake wa kuuficha.

2.0 Chimbuko la Shaka

Shaka dhidi ya sayansi haikuanzia katika idara za fasihi. Mwaka 1962 Thomas Kuhn, aliyesomea fizikia, alichapisha kitabu kuhusu muundo wa mapinduzi ya kisayansi. Humo alionesha kwamba wanasayansi hufanya kazi ndani ya mfumo wa fikra unaokubalika kwa wakati wao, na kwamba mfumo huo hauachwi kwa urahisi hata pale ushahidi unapoupinga. Paul Feyerabend alikwenda mbali zaidi mwaka 1975 kwa kukataa kuwapo kwa mbinu moja ya kisayansi inayofaa nyakati zote. Mwaka 1979 Bruno Latour na Steve Woolgar walitoa utafiti wao uliofanywa katika maabara moja ya California, ambamo waliwachunguza wanasayansi kama vile mwanaanthropolojia anavyochunguza kijiji. Mwaka huohuo Jean-François Lyotard alichapisha ripoti kuhusu hali ya maarifa, aliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec. Katika ripoti hiyo alieleza usasaleo kuwa hali ya kutoziamini tena simulizi kuu, zikiwamo zile za maendeleo na ukombozi kupitia elimu.

Fikra hizi zilipata wasikilizaji kwa sababu historia ilikuwa imewatayarisha. Bomu la atomiki, silaha za kemikali zilizotumika Vietnam na utafiti wa Tuskegee viliifanya kauli kwamba sayansi haina upande kuwa ngumu kuamini. Katika utafiti huo wa Tuskegee, idara ya afya ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila tiba tangu 1932 hadi 1972, ilhali penisilini ilikuwa imekwisha kupatikana. Aliyehoji sayansi katika mazingira hayo hakuwa mzushi. Alikuwa na makaburi ya kuonesha.

Hata hivyo, kati ya miaka ya 1970 na 1990 swali lilibadilika polepole. Swali la awali lilikuwa: nani anaigharimia sayansi, na kwa faida ya nani? Swali lililofuata likawa: je, kauli za kisayansi zina ukweli wowote nje ya makubaliano ya wale wanaozitoa? Maswali haya mawili yanafanana kwa sura, lakini si ndugu. La kwanza linaweza kuulizwa na mtu anayeamini kwamba kaswende ni ugonjwa halisi. Kwa hakika linamhitaji aamini hivyo, la sivyo ubaya wa Tuskegee hauonekani. La pili linaondoa msingi ambao la kwanza limesimama juu yake.

Mwaka 1994 Paul Gross na Norman Levitt waliwashambulia wahakiki wa sayansi kwa kitabu kikali, na toleo la Social Text lilikusudiwa kuwa sehemu ya majibu. Sokal alisoma kitabu hicho, na mwishoni mwa mwaka huo akawapelekea wahariri makala yake.

3.0 Mtego na Lugha Yake

Inafaa kueleza jinsi mzaha ule ulivyojengwa, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa za kiisimu kuliko za kifizikia. Sokal hakubuni data ya maabara. Alichofanya ni kuchukua maneno yenye maana finyu katika hisabati na kuyaacha yateleze hadi kwenye maana yake ya kawaida. Katika nadharia ya seti kuna msingi unaohusu usawa na mwingine unaohusu uchaguzi. Sokal aliihusisha misingi hiyo miwili na siasa za kiliberali za usawa wa watu na haki ya mwanamke kuamua juu ya ujauzito wake. Mbinu hiyo inaeleweka hata kwa Kiswahili. Usawa wa seti mbili na usawa wa raia mbele ya sheria hutumia neno moja, lakini hakuna mtu anayeweza kudai kwamba seti zikiwa sawa, raia nao wamepata haki. Aidha, Sokal alidai kwamba hata namba π, ambayo ni uwiano kati ya mzingo na kipenyo cha duara, haipaswi kuonwa tena kuwa thabiti, bali ni jambo la kihistoria. Mwanafunzi wa sekondari angeuliza swali hapo. Wahariri hawakuuliza.

Kwa nini? Wahariri wawili, Bruce Robbins na Andrew Ross, walijibu baadaye kwamba waliyaona makala yale kuwa na kasoro na kwamba walimwomba mwandishi apunguze falsafa na tanbihi, naye akakataa. Waliyachapisha kwa sababu walimwona kuwa mwanasayansi anayejitahidi kwa nia njema kujiunga na mjadala wao. Wakati huo jarida halikuwa na utaratibu wa kupeleka miswada kwa wataalamu wa nje, na mswada ule haukusomwa na mwanafizikia yeyote. Majibu hayo yanafichua jambo zito. Jarida lililokuwa likihoji mamlaka ya wanasayansi liliyapokea makala kwa sababu ya mamlaka ya cheo cha mwanasayansi. Mamlaka iliyofukuzwa mlangoni iliingilia dirishani.

Stanley Fish, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Duke University Press, aliwatetea wanasosholojia wa sayansi katika New York Times tarehe 21 Mei. Alitumia mfano wa mchezo wa besiboli kueleza kwamba kitu kuwa zao la jamii hakukifanyi kiwe cha kubuni tu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano wa kuotea katika mpira wa miguu unatosha: kanuni ya kuotea imetungwa na watu, nayo imebadilishwa mara kadhaa, lakini goli lililokataliwa kwa kanuni hiyo limekataliwa kweli. Hoja ya Fish ina uzito, ila inaishia pale ambapo mjadala unaanzia. Watu wanaweza kukutana na kubadili kanuni ya kuotea. Hawawezi kukutana na kubadili mwendo wa mpira ukishapigwa.

Ni muhimu kukumbuka pia kwamba Sokal hakuwa adui wa siasa za wenzake. Alijitambulisha kuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na alikuwa amefundisha hisabati nchini Nicaragua chini ya serikali ya Sandinista. Lalamiko lake lilikuwa kwamba wanyonge hawana silaha bora kuliko ukweli, na kwamba msomi anayewaambia kuwa ukweli haupo amewapokonya silaha hiyo. Kwa upande mwingine, mzaha mmoja katika jarida moja haukuthibitisha kwamba falsafa nzima ni upuuzi. Sokal mwenyewe alikiri mipaka hiyo. Alipotoa kitabu nchini Ufaransa pamoja na Jean Bricmont mwaka 1997, Jacques Derrida aliwajibu katika gazeti la Le Monde kwamba hawakuwa makini. Hoja kwamba wanafalsafa wanapaswa kusomwa kwa ukamilifu kabla ya kuhukumiwa inabaki kuwa ya haki.

4.0 Ushuhuda wa Isimu

Pande zote mbili za mjadala ule zilizungumza sana kuhusu fizikia na baiolojia. Isimu ilitajwa kwa nadra, ingawa ndiyo iliyokuwa na ushuhuda wa karibu zaidi. Wanausasaleo wengi walijenga hoja zao juu ya fundisho la Ferdinand de Saussure, lililochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, kwamba uhusiano kati ya umbo la neno na dhana yake ni wa kinasibu. Neno mti halina umiti ndani yake. Kutokana na hilo, baadhi walihitimisha kwamba lugha haiufikii ulimwengu kamwe. Lakini Saussure huyohuyo, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alitoa mwaka 1879 utafiti ambamo alikisia kuwapo kwa sauti fulani katika lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, sauti ambazo hazikuwa zimebaki wazi katika lugha yoyote iliyojulikana wakati huo. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz alionesha kuwa Kihiti, lugha iliyosomwa kutoka katika mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Uturuki, ilihifadhi konsonanti katika baadhi ya nafasi zilezile. Saussure alikuwa amefariki mwaka 1913. Hakuna makubaliano ya kijamii yaliyoyaandaa mabamba hayo ili yamridhishe. Unasibu wa ishara na uthabiti wa ushahidi vilikaa pamoja katika kazi ya mtu mmoja.

Isimu inatoa pia mfano wa sayansi iliyotiwa siasa hadi kwenye mizizi. Carl Meinhof, aliyefundisha Berlin na kisha Hamburg katika enzi ya ukoloni wa Kijerumani, ni mmoja wa waasisi wa isimu linganishi ya Kibantu. Kazi yake ya mwaka 1899 kuhusu fonolojia ya lugha hizo ingali inaheshimiwa. Lakini mwaka 1912 alichapisha kitabu kuhusu lugha za Wahamiti, kikiwa na nyongeza ya Felix von Luschan kuhusu maumbile ya watu hao. Humo Kifulani, Kihausa, Kimaasai na Kinama ziliunganishwa katika familia moja, na hoja za sarufi zilichanganywa na dhana za rangi na za ubora wa wafugaji juu ya wakulima. Wahamiti walichorwa kuwa watu wa asili ya nje waliowaletea Waafrika Weusi ustaarabu. Mwaka 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Nazi. Dhana ya Kihamiti ilitumika katika utawala wa kikoloni nchini Rwanda kueleza tofauti kati ya Watutsi na Wahutu, na baadaye waenezaji wa chuki waliitumia kuwaita Watutsi wageni. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalitokea miezi michache tu kabla ya Sokal kuwasilisha makala yake.

Hapa ndipo wahakiki wa sayansi wanapata ushahidi ulio imara kuliko wowote walioutoa katika Social Text. Nadharia iliyofundishwa vyuoni kama sayansi ilikuwa na ukoloni ndani yake. Lakini iliangukaje? Tangu mwaka 1949 Joseph Greenberg alichapisha mfululizo wa makala, na hatimaye kitabu chake cha 1963, ambamo alitenga hoja za lugha na hoja za rangi na za mtindo wa maisha. Alilinganisha msamiati wa msingi na mofimu za kisarufi. Kifulani kiliangukia pamoja na Kiwolofu na Kiserere, Kimaasai kikabaki katika lugha za Kiniloti, Kinama kikawekwa katika Khoisan, na Kihausa katika tawi la Kichadi. Sehemu za uainishaji wake zimepingwa baadaye, hasa Khoisan, lakini zimepingwa kwa ushahidi wa lugha. Nadharia ya Kihamiti haikuangushwa na kauli kwamba kila uainishaji ni mamlaka. Iliangushwa na uainishaji bora zaidi.

Kuna mfano wa pili unaoonesha njia nyingine ya kuanguka. Katika Umoja wa Kisovieti, Nikolai Marr (1865–1934) alifundisha kwamba lugha zote zilitokana na elementi nne, sal, ber, yon na rosh, na kwamba lugha ni zao la tabaka. Isimu linganishi ilishutumiwa kuwa ya kibepari. Yevgeny Polivanov, aliyempinga Marr hadharani mwaka 1929, alitengwa, akakamatwa mwaka 1937 na kuuawa Januari 1938. Mafundisho ya Marr yaliendelea kutawala hadi Juni 1950, Stalin alipoandika katika gazeti la Pravda kwamba lugha si sehemu ya muundo-juu wala si mali ya tabaka moja. Kwa maudhui, kauli hiyo ilikuwa karibu na ukweli kuliko ya Marr. Hata hivyo, wanaisimu waliogeuka usiku mmoja hawakugeuzwa na data. Ukweli ulioingia kwa amri ungeweza kutoka kwa amri.

Nadharia hizi mbili zilikuwa na siasa, na zote mbili zilianguka. Tofauti iko katika kilichoziangusha. Pale ambapo mtafiti alikuwa na nafasi ya kuuliza swali la ushahidi, kosa lilisahihishwa na taaluma ikabaki na mbinu ya kusahihisha makosa mengine. Pale ambapo swali pekee lililoruhusiwa lilikuwa "nadharia hii ni ya upande gani?", Polivanov hakuwa na mahali pa kupeleka hoja yake.

5.0 Shaka Inapobadili Mikono

Miaka michache baada ya 1996, hoja za kuitilia sayansi shaka zilionekana katika mikono ambayo waasisi wake hawakuitarajia. Nchini Afrika Kusini, Rais Thabo Mbeki aliwaalika mwaka 2000 katika jopo la ushauri baadhi ya watu waliokana kwamba UKIMWI unasababishwa na VVU. Katika hoja zake alieleza kwamba maelezo ya kawaida kuhusu ugonjwa huo yalibeba dhana za kibaguzi kuhusu Waafrika. Mbeki hakuwa mfuasi wa Lyotard, na lalamiko lake kuhusu ubaguzi lilikuwa na historia ya kweli nyuma yake. Lakini kutoka kwenye lalamiko hilo hakuna njia ya kimantiki inayofika kwenye hitimisho kwamba dawa zicheleweshwe. Julai 2000 zaidi ya wanasayansi 5,000 walitia saini Azimio la Durban. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali iwapatie wajawazito dawa ya nevirapini. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji wa tiba uligharimu maisha ya zaidi ya watu 330,000 kati ya 2000 na 2005. Waliofungua kesi ile, wanaharakati wa Treatment Action Campaign, walitumia mbinu zote mbili: waliuliza nani anafaidika na bei kubwa za dawa, na wakasimamia ushahidi kwamba dawa zinaokoa maisha.

Mwaka 2004 Latour naye aliandika kwa masikitiko kwamba silaha za uhakiki zilikuwa zimechukuliwa na wengine. Alirejelea ushauri uliotolewa kwa chama cha Republican wa kusisitiza kukosekana kwa uhakika wa kisayansi kuhusu ongezeko la joto duniani. Mtu aliyetumia maisha yake kuonesha jinsi ukweli wa kisayansi unavyojengwa alijiuliza kama alikuwa amesaidia kuwapa watu sababu ya kuukataa. Hakuacha uhakiki wake. Alitaka uhakiki uwe wa kuyakaribia mambo badala ya kuyakimbia.

6.0 Usasaleo na Uhakiki wa Kiswahili

Taaluma ya Kiswahili iliupokea usasaleo kupitia fasihi. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zilizua mjadala ambao haujaisha: je, kuvunjika kwa wakati na mahali katika kazi hizo ni usasaleo, au ni mwendelezo wa visasili na falsafa za Kiafrika? Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), na ya Kyallo Wadi Wamitila, Bina-Adamu! (2002), zimechunguzwa kwa mwelekeo huohuo. Hata istilahi yenyewe inafikirisha. Usasaleo huundwa kwa usasa na leo, ilhali istilahi ya kigeni ina kiambishi chenye maana ya baada. Kwa Kiswahili, kinachotajwa ni usasa wa siku hizi. Kukatika na yaliyopita hakumo ndani ya neno. Mhakiki anayeitumia istilahi hiyo bila kueleza ameichukua katika maana ipi, anawaachia wasomaji wake mteremko uleule wa maana ambao Sokal aliutumia kwa mzaha.

Hapa historia ya mwaka 1996 ina faida ya moja kwa moja. Mhakiki akisema kwamba wakati katika Nagona ni wa kikwanta, ana wajibu wa kusema ni kipengele gani cha fizikia hiyo kinachofanana na kipengele gani cha matini. Akisema kwamba riwaya inavunja mfuatano wa wakati, matini ina viambishi vya njeo na hali ambavyo vinaweza kuoneshwa sentensi kwa sentensi, na msomaji mwingine anaweza kuvipitia na kukataa. Uwezekano huo wa kukataliwa ndio unaoitofautisha hoja na mapambo. Hauhitaji kwamba fasihi igeuzwe fizikia.

Aidha, taaluma hii ina sababu yake ya kutoliacha swali la mamlaka. Kwa muda mrefu Kiswahili kilielezwa na wageni kuwa lugha chotara ya Waarabu na Waafrika, na maelezo hayo yaliafikiana na fikra kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa kutoka nje. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Spear ya mwaka 1985, na ile ya Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993, zilikiweka Kiswahili katika kundi la Kisabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Komoro. Zilifanya hivyo kwa ulinganishi wa sauti na maumbo, bila kukana mikopo mingi ya Kiarabu. Anayekisema Kiswahili leo kuwa lugha ya Kibantu hasemi hivyo kwa kuwa inampendeza. Ana orodha za maneno.

7.0 Hitimisho

Mjadala wa 1996 haukuwa vita kati ya wapenda ukweli na wachukia ukweli. Upande mmoja ulikumbuka Tuskegee, upande mwingine ukakumbuka kwamba π haibadiliki, na kila upande uliona kwamba mwenzake amesahau jambo la msingi. Historia ya isimu inaonesha kuwa kumbukumbu zote mbili zinahitajiwa. Bila swali la mamlaka, Meinhof angeendelea kusomwa kama mtaalamu asiye na upande. Bila swali la ushahidi, pasingekuwa na njia ya kumkosoa isipokuwa kusubiri mwenye nguvu aamue, kama wanaisimu wa Kisovieti walivyosubiri hadi Juni 1950. Katika jamii ambamo wanaoweza kuamuru ni wachache na wanaoweza kulinganisha maneno mawili ni wengi, njia ya ushahidi ndiyo iliyo wazi kwa watu wengi zaidi.